Rangi ya Upande wa Kushoto

Ndandalo, Kyela
6 Mei 2025

Mkwe wangu Mama Jubi,

Mwaghona. Sisi huku hatujambo, isipokuwa mvua imekataa kuondoka na kokoa haikauki. Tunaianika, tunaianua, tunaianika tena. Mama mkweo Veronika anakusalimu.

Nakuandikia kwa sababu mkamwana na baba mkwe hawapigiani simu, nami sitaanza kuvunja desturi uzeeni. Tangu Sylvester akuoe umeniheshimu vizuri sana. Nikitokea wewe unaingia migombani, nami nageuza uso. Sijawahi kuona zaidi ya kisigino chako na pindo la kitenge, na ndivyo inavyotakiwa. Lakini kuandikiana hakuna ubaya.

Lazaro, kijana anayenisaidia kazi za kokoa, anakuletea gari langu pamoja na barua hii. Jumapili ya tarehe 25 askofu anakuja kubariki watoto wa kipaimara kule Matema. Wazee wa kanisa wamenichagua mimi nimpokee Kyela mjini na kumfikisha hadi ziwani, nikiendesha mwenyewe. Watoto wa shule ya Jumapili watajipanga kando ya barabara na matawi yao, wakiimba. Eliud wa Njisi ana gari jipya kuliko langu, lakini hawakumchagua Eliud.

Sylvester aliniambia wewe hapo Mbeya unapaka magari dawa ya kioo. Paka. Nataka askofu ajione uso wake mlangoni kabla hajaufungua. Ningelileta mwenyewe ila kokoa imenibana.

Ukijibu, andika kwa herufi kubwa na wino mweusi. Taa yetu ya sola imechoka.

Baba mkweo,
Anyisile


Mwanjelwa, Mbeya
7 Mei 2025

Shikamoo Baba mkwe,

Gari limefika salama. Nashukuru umenikumbuka. Tangu Pasaka nilidhani hunihesabu tena kuwa mkwe wako, lakini hayo tuyaache, kazi kwanza.

Naomba nikueleze utarajie nini, maana wateja wengi hudhani namimina kioo juu ya gari, kisha wakija kulichukua wananuna. Kwanza tunaliosha, halafu tunalipitisha udongo maalumu, laini kama unga uliokandwa, unaong'oa lami na uchafu ambao sabuni haiuwezi. Kisha napima unene wa rangi kwa kifaa kidogo, sehemu hadi sehemu. Ndipo naweka mashine ya kung'arisha. Mashine inakula utando mwembamba sana wa juu, ile klia, mpaka mikwaruzo inayozunguka kama nyuzi za buibui juani ipotee. Hiyo inaletwa na kuosha kwa tambara lenye mchanga, na samahani Baba, nadhani gari lako linaoshewa mtoni. Mkwaruzo ambao kucha inanasa hautoki wote. Nikiulazimisha nitatoboa klia, na hapo hakuna dawa ila kupaka rangi upya.

Mwisho ndiyo seramiki, hiyo dawa ya kioo. Ni majimaji yanayopakwa kwa kitambaa, yanakauka yanakuwa ngozi ngumu. Mvua itateleza, tope la Kyela litatoka kirahisi. Lakini haizuii jiwe, haizuii pembe ya ng'ombe, na kuliosha utaendelea kuliosha. Likishapakwa linalala ndani siku moja, basi linaweza kutembea, ila lisiguswe na sabuni wiki ya kwanza.

Sasa nina swali. Upande wa kulia rangi ni ile ya kiwandani. Upande wa kushoto, kuanzia bampa hadi mlango wa nyuma, kipimo changu kinaruka. Chini kuna pati ya kuzibia bati lililobonyea, na juu yake rangi imerudiwa zaidi ya mara moja. Tena karibu na saiti mira, kile kioo cha pembeni, kuna alama ya kijani, mpya. Ni ajali gani hiyo tusiyoambiwa? Nauliza kwa ajili ya kazi tu, pati ikipata joto la mashine inaweza kupasuka.

Sylvester yuko na lori lake kwenye foleni ya mpakani Kasumbalesa. Jubi anakusalimu.

Mkweo,
Atupele


Ndandalo
9 Mei 2025

Mkwe wangu,

Ndaga fijo kwa maelezo, nimeyaelewa yote.

Huo upande wa kushoto usikusumbue. Ni ng'ombe. Njia yetu unaijua, ng'ombe wa watu wamejaa, na uzio wa jirani yetu Angetile umejengwa barabarani kabisa. Aliyeujenga alikuwa amelewa, wala simsingizii. Kijani ni geti la kanisa. Walilisogeza Krismasi bila kumwambia mtu. Pati imekauka zamani, weka mashine yako bila woga.

Ya Pasaka sijui unasema nini. Pasaka nilikuwa kanisani tangu asubuhi na wewe sikukuona. Nilimuuliza hata mama yako kama mlisafiri.

Nimewaambia wazee gari liko kwa mtaalamu. Eliud amenuna, nami nimefurahi kuliko inavyompasa Mkristo. Lakini siwezi kutulia, mwanangu. Nakaa barazani, nasimama, naenda hadi barabarani, narudi. Hiyo Jumapili inakuja polepole mno.

Ongeza herufi. Zile za kwanza zilikuwa sisimizi.

Anyisile


Mwanjelwa, Mbeya
14 Mei 2025

SHIKAMOO BABA,

Herufi nimeongeza.

Kazi ya mashine imekwisha. Kwenye boneti sasa naona misumari ya paa la karakana yangu, mmoja mmoja. Seramiki nayo nimepaka. Ila kuna tatizo. Mbeya mwezi huu kuna baridi, na seramiki inakataa kushika. Gari haliwezi kutoka kabla ya mwisho wa mwezi. Nikilitoa sasa, kazi yote itaharibika.

Naomba uwaambie wazee wamtafutie askofu gari lingine, hata la Eliud. Nasikitika sana.

Mkweo,
Atupele


Ndandalo
15 Mei 2025

Mama Jubi,

Barua yako ya kwanza ninayo. Uliandika mwenyewe kwamba likishapakwa linalala ndani siku moja. Siku moja! Sasa siku hiyo imekuwa mwisho wa mwezi? Jana Lazaro alipita hapo kwako. Anasema gari limefunikwa shuka, limekauka kabisa, hata harufu ya dawa haina.

Halafu unasema hata la Eliud. Umeandika hivyo kwa mkono wako.

Sijui nimekukosea nini. Kama ni hiyo Pasaka yako, sema. Nilinunua kokoa nikiendesha gari kuanzia hapa hadi ziwani wakati barabara ilikuwa tope na magogo, na hakuna mama aliyewahi kulia kwa sababu yangu. Lazaro anakuja Jumamosi. Mpe ufunguo.

Anyisile


Mwanjelwa, Mbeya
17 Mei 2025

Baba,

Lazaro anarudi na barua hii bila gari.

Nilidanganya kuhusu seramiki. Gari liko tayari tangu mapema wiki hii, nami nalizunguka tu kama kuku aliyepoteza kiota. Wateja wananiita siwasikii. Nampikia Jubi chakula, nasahau kukipakua.

Taa yangu ya kukagulia rangi haifichi kitu. Ng'ombe anakwaruza popote, mbele, nyuma, kulia. Uzio mtu anaugonga mara moja, kesho yake anaukwepa. Gari lako limegongwa kushoto tu, kwa urefu ule ule, tena na tena, juu ya rangi ambayo tayari ilirudiwa kwa sababu hiyo hiyo. Na ile kijani si ya geti. Ni ya baiskeli. Ndani ya upenyo wa bampa nimetoa kipande cha plastiki nyekundu, cha ile taa ndogo ya nyuma ya baiskeli. Nilikaa chini nacho mkononi.

Ndipo nikakumbuka Pasaka. Nilitoka mlangoni mwa kanisa nikakukuta mbele yangu, karibu sana, sina pa kujificha. Nikainama nikingoja ugeuze uso kama siku zote. Hukugeuza. Ulinikazia macho mbele ya akina mama wote, kisha ukapita. Nililia njia nzima hadi Mbeya. Nilisema baba mkwe amenidharau hadharani, labda kwa sababu nashika mashine na grisi, na mke wa mwanawe alipaswa kuwa shambani. Sylvester nilimnunia mwezi mzima. Kumbe wewe mwenyewe umeniandikia kwamba siku ile hukuniona. Baba, ni kweli. Hukuniona.

Nilimpigia Sylvester. Akasema nisikwambie kitu, nimngoje arudi. Lakini yeye hajui foleni itakwisha lini, na watoto watakuwa barabarani Jumapili. Watasimama kushoto kwako, Baba. Upande ule ule.

Naogopa. Naogopa kukuvunjia heshima, na naogopa zaidi nikikaa kimya. Ufunguo ninao mimi, na siutoi.

Mkweo, kama bado ni mkweo,
Atupele


Ndandalo
19 Mei 2025

Mwanangu Atupele,

Ni mimi mama yako. Barua zako zote namsomea mimi, hizo herufi kubwa hazijamsaidia kitu. Za kwake anaandika mwenyewe kwa ile kalamu nene, na mistari inapandana kama ulivyoona.

Nilipofika kwenye taa ya baiskeli akaniambia ninyamaze. Akatoka, akajikwaa kwenye turubai, kokoa ikamwagika. Akapiga magoti akaikusanya kwa kupapasa. Sikumsaidia, maana angenifokea. Nilisimama mlangoni nikajifuta machozi kwa upande wa khanga.

Ni kweli mwanangu. Jicho la kushoto halina kitu. La kulia lina ukungu. Mimi ndiye nimekuwa nikimwongoza. Nakaa pembeni yake nasema ng'ombe, mtu, sogea kulia, ngoja. Watu wakitupita wanadhani tunagombana. Siku ya yule wa baiskeli nilisinzia. Alikuwa muuza samaki anayetoka ziwani. Aliinuka mwenyewe akaondoka akichechemea.

Jumapili mimi sitakuwamo. Nyuma ni askofu na katibu wake, mbele ni mzee wa kanisa. Nimemwomba aseme anaumwa. Anasema afadhali afe kuliko kumwona Eliud ameshika usukani ule. Usimwache aendeshe, mwanangu, ila usimwaibishe pia. Sijui hayo mawili utayafanyaje kwa pamoja.

Mama yako,
Veronika


Mwanjelwa, Mbeya
20 Mei 2025

Shikamoo Baba,

Najua Mama anakusomea, basi naandika herufi za kawaida.

Nina ombi. Gari nitalishusha mwenyewe Jumamosi. Jumapili niendeshe mimi, wewe ukae mbele upande wa kushoto. Mzee wa kanisa anaweza kupanda gari la kwaya. Tutasema fundi lazima awepo kwa sababu ya seramiki, ikitokea hitilafu. Huo utakuwa uongo wangu, si wako, nami nimeshauzoea. Nitajifunika kitenge kichwani hadi kwenye nyusi na sitakutazama hata mara moja.

Najua ninachoomba. Mkamwana kukaa bega kwa bega na baba mkwe mbele ya kanisa zima, hata bibi yangu angefufuka kuja kunichapa. Lakini sioni njia nyingine ya wewe kutobaki nyumbani na watoto wasiumie.

Atupele


Ndandalo
22 Mei 2025

Mama Jubi,

Hapana.

Nimeshika usukani tangu kabla mumeo hajazaliwa. Siwezi kubebwa na mke wa mwanangu kama gunia la mpunga, tena mbele ya askofu. Wewe una kifaa cha kupima rangi. Cha kupima macho yangu huna.

Lete gari Jumamosi. Weka ufunguo mezani, umsalimie mama yako, urudi Mbeya.

Anyisile


Ndandalo
27 Mei 2025

Mwanangu Atupele,

Mimi nasema, mama yako anaandika. Nimemwambia asiongeze lake, ingawa namsikia kalamu inakwenda kuliko ninavyosema.

Uliondoka Jumapili jioni kabla sijakwambia neno. Leo ninalo.

Jumamosi ulikuja, ukamsalimia mama yako, na ufunguo hukuweka mezani. Nilipapasa meza ile mpaka nikaangusha kikombe. Jumapili nikavaa suti, nikatoka peke yangu. Wazee walikuwa wamesimama uani, nawasikia wanasifu gari. Mmoja anasema anaona migomba yote ndani ya mlango. Nikaenda moja kwa moja upande wa usukani, kwa kujiamini kabisa, ili waone. Nikafungua, nikainama niingie, nikanyoosha mkono kushika kiti.

Nikashika bega lako.

Ulikuwa umekaa pale kimya, na mimi nilikuwa nakukalia. Mchana kweupe, jua linawaka, wazee wote wanatazama. Mtu mwenye macho hawezi kumgusa mkamwana wake. Hata kichaa hawezi. Nilingoja upige kelele au ushuke ukimbilie migombani, na ungekuwa na haki. Hukusogea. Ulisema polepole, "Baba, zunguka upande wa pili, nimekufungulia." Ndiyo mara ya kwanza nasikia sauti yako ikisema nami.

Nikazunguka. Nilishika bodi ya gari njia nzima ili nisijikwae, na kiganja kiliteleza kama juu ya samaki, isipokuwa kushoto, ambako vidole vyangu vilikuta ile mistari uliyosema haitoki. Michache nilijua ilipotoka. Uzio wa Angetile, ule kweli. Mingine sikuwahi kujua ni nini, na sasa nashindwa kuacha kujiuliza.

Tulimchukua askofu mjini, na baada ya kupita Ipinda watoto walianza kuimba. Nilikuwa nimekaa upande wao. Mwanangu, walikuwa karibu. Nilisikia matawi yakipiga mlango wangu, nikasikia pumzi zao katikati ya wimbo, na mmoja akaita "Babu!" hapo hapo kwenye kioo. Sikuona hata kivuli. Mbele yangu palikuwa peupe tu kama maziwa. Kama ningekuwa mimi kwenye usukani, ningekwenda moja kwa moja juu yao huku nikitabasamu kwa ajili ya askofu. Niliikalia mikono yangu hadi Matema.

Askofu alilisifia gari sana. Aliuliza seramiki ni kitu gani, nami nikamweleza yote kama ulivyonieleza wewe, kwamba haizuii jiwe wala pembe ya ng'ombe. Aliniuliza dereva ni nani. Nikasema ni binti yangu.

Wazee wamekwisha kunijia kuhusu desturi. Wanataka nitoe jogoo nikusafishe, maana nilikugusa. Nitatoa. Eliud amekuja pia, na sikumfukuza. Alikaa, akanywa chai, akasema mjomba wake alitibiwa jicho huko Mbeya akaona tena. Lazaro naye amemweleza daktari hali yangu, akaambiwa kwamba la kushoto limekufa lakini la kulia huenda ni mtoto wa jicho, linafanyiwa upasuaji. Huenda. Mama yako analia anapoandika neno hilo, usijali madoa.

Gari libaki kwako. Uliuze, ulitumie, ulioneshe wateja, shauri yako. Mimi ufunguo wake sitaki kuushika tena.

Jumatatu tunapanda basi kuja Mbeya hospitali. Siwezi kukaa, siwezi kulala, chakula hakina ladha. Nimewaheshimu wakwe zangu wote maisha yangu yote, na wewe kuliko wote, kwa kutokutazama. Sasa nimekaa safari nzima kando yako na uso wako siujui. Nimemwomba mama yako anieleze ulivyo. Anasema wewe ni mweusi wa wastani na una meno mazuri. Hivyo ndivyo anavyoeleza hata mbuzi.

Basi nina ombi, na hili si la mkwe kwa mkamwana, ni la mzee kwa binti yake. Siku ambayo daktari atafungua bandeji, simama mbele yangu. Usiiname. Kama jicho litakubali nataka wewe uwe wa kwanza, mama yako nimeshamwona vya kutosha. Na kama halitakubali, simama hivyo hivyo, uniambie kwamba uko hapo.

Usijifiche.

Baba yako,
Anyisile